Hita ya maji nyumbani: mkazi wa Bofa anunue ipi?

Upepo wa kusi unapovuma, hasa kati ya Juni na Agosti, maji ya bomba ya alfajiri huwafanya wengi Pwani wasite kuingia bafuni. Mzee mwenye maumivu ya viungo, mtoto mchanga, mgonjwa, na mama aliyejifungua anayekandwa katika arubaini yake, wote wanahitaji maji ya moto. Vivyo hivyo nyumba za wageni zilizopangana kando ya barabara ya Bofa, ambako mgeni huuliza habari ya maji ya moto kabla hajafungua begi.

Wengi huenda dukani wakauliza bei ya hita kisha wakanunua iliyo kubwa kulingana na mfuko wao. Matokeo yake ni stima inayokwisha kabla ya mwezi, tangi linalooza kwa chumvi baada ya muda mfupi, au, lililo baya zaidi, bafu linalopiga watu shoti. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyapima kabla ya kutoa pesa.

Kilichofaa kwingine si lazima kifae hapa

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Italia, nyumba nyingi zina boila moja ya gesi inayofanya kazi mbili: kupasha vyumba joto wakati wa baridi, na kupasha maji ya kuoga na ya jikoni. Baadhi ya wanaojenga pwani ya Kilifi na Malindi baada ya kuishi ng'ambo huulizia mashine ya aina hiyo. Kwa Bofa, kazi ya kwanza haipo kabisa, kwani hakuna nyumba inayohitaji kupashwa joto. Anayeagiza boila kama hiyo analipia mashine mbili ili atumie moja.

Hata hita iliyofaa Nairobi inaweza kuwa kubwa mno hapa. Maji ya kuoga yanayopendeza mwili huwa na joto la digrii 40 hivi. Nairobi, maji ya asubuhi yanaweza kuwa digrii 18, kwa hiyo hita hupandisha joto kwa digrii 22. Bofa, maji ya bomba mara nyingi huwa kwenye digrii 27 hivi, kwa hiyo kazi iliyobaki ni digrii 13 tu.

Tofauti hiyo huonekana kwenye mita. Kupasha lita 40, ambazo zinamtosha mtu mmoja kuoga kwa shawa, hutumia takriban uniti moja ya stima Nairobi. Bofa, lita hizo hizo hutumia takriban uniti 0.6.

Fanya hesabu ya nyumba yako

Chukua familia ya watu watano, kila mmoja akioga maji ya moto mara moja kwa siku. Uniti 0.6 mara tano ni uniti 3 kwa siku, au uniti 90 kwa mwezi. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme uniti moja ni shilingi 30. Hapo maji ya kuoga pekee ni shilingi 2,700 kwa mwezi. Bei halisi ya nyumba yako iko kwenye ujumbe wa tokeni: gawanya pesa ulizolipa kwa idadi ya uniti ulizopewa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Katika utaratibu wa bei ulioidhinishwa mwaka 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamewekwa kwenye madaraja matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaotumia 31 hadi 100, na wanaopita 100. Anayetumia zaidi hulipa zaidi kwa kila uniti. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa taa, friji na televisheni, ikiongeza uniti 90 za maji ya moto, inafika 150 na kupanda daraja. Ndiyo maana mtu huona bili imepanda kuliko alivyotarajia, akadhani mita ina hitilafu.

Lakini hesabu inaweza kuegemea upande mwingine pia. Familia nyingi za Pwani huoga maji ya kawaida msimu wa kaskazi, na hutaka ya moto kwa miezi minne hivi ya kusi. Kwa nyumba kama hiyo, uniti 90 kwa miezi minne ni uniti 360, sawa na shilingi 10,800 kwa mwaka kwa bei ile ya mfano. Nyumba ya wageni yenye vyumba sita inayotoa maji ya moto mwaka mzima iko kwenye hesabu tofauti kabisa. Kabla ya kuchagua mashine, andika mambo mawili: watu wangapi wataoga maji ya moto kwa siku, na kwa miezi mingapi kwa mwaka.

Shawa ya instanti

Hii ndiyo hita inayoonekana kwenye nyumba na ploti nyingi kwa sababu bei yake ya kununua ni ndogo. Hupasha maji yanapopita, kwa hiyo haipotezi stima kutunza maji yaliyolala. Ubaya wake ni kwamba huvuta stima nyingi kwa mara moja. Instanti ya kawaida huwa ya kilowati 5.5, na kwa umeme wa volti 240 huvuta ampea 23 hivi.

Kwa sababu hiyo, instanti haifai kuunganishwa kwenye waya wa taa wala wa soketi. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la stima, mnene wa kutosha (mafundi wengi hutumia wa milimita 6), na breka yake. Waya mwembamba hupata moto ndani ya ukuta na unaweza kuwasha nyumba. Kwenye nyumba yenye paa la makuti, cheche moja inatosha kuleta hasara ya kila kitu.

Kwa maji ya Bofa, instanti ya kilowati 5.5 inaweza kutoa lita 6 hivi kwa dakika zenye joto la digrii 40. Maana yake hakuna haja ya kutafuta iliyo kubwa zaidi. Nyingi zina swichi ya kuchagua joto dogo au kubwa. Wakati wa kaskazi joto dogo linatosha, na mita huenda polepole.

Instanti pia haipendi bomba kavu. Wakati maji yamekatika au tangi la juu liko karibu kuisha, izime kwenye swichi ya ukutani. Ikiwaka bila maji ya kutosha, koili yake huungua.

Chumvi: jambo la kuuliza kabla ya bei

Maji ya mfereji ya mji wa Kilifi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na ni maji baridi yasiyo na chumvi. Lakini Bofa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe jirani na bahari, na visima vingi vya ukanda huo hutoa maji ya chumvichumvi. Nyumba nyingi hutumia yote mawili: mfereji ukikauka, pampu ya kisima inawashwa na maji yanaingia tangi lile lile. Kwa hiyo chagua hita kwa kufuata maji yenye chumvi zaidi yanayoingia nyumbani, hata kama huingia mara moja moja.

Kwa upande wa instanti, hili ni jambo la uhai. Instanti ya kawaida ina koili iliyo wazi, inayogusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko maji baridi, hivyo umeme unaweza kuvuja kupitia maji hadi kwa anayeoga. Zipo instanti zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Soma maandishi ya kwenye boksi. Ikiwa hayataji maji ya chumvi, usiipeleke kwenye nyumba inayotumia kisima.

Hata instanti ya maji ya chumvi inahitaji kinga mbili. Ya kwanza ni waya wa ardhini uliounganishwa sawasawa, usiokatwa wala kuachwa ukining'inia nyuma ya shawa. Ya pili ni swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapovuja, ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampu 30. Breka ya kawaida hukata umeme waya unapozidiwa na mzigo, lakini haiwezi kuhisi uvujaji mdogo unaotosha kumuua mtu. RCD ina kitufe cha majaribio, kibonyezwe mara moja kwa mwezi. Isipokata umeme, mwite fundi, na watu wasiioge hiyo shawa mpaka itengenezwe.

Mtu akihisi mtetemo au kuchomwachomwa anaposhika bomba, hiyo ni dalili ya umeme kuvuja. Dawa yake si kuvaa ndara bafuni. Zima swichi kuu, kisha mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta nchini. Ni haki ya mwenye nyumba kumwomba fundi aonyeshe leseni yake kabla hajagusa waya.

Tangi la umeme

Tangi la umeme la lita 50 au 100 hupasha maji na kuyahifadhi. Faida yake ni kutoa maji kwa nguvu na kuhudumia mabomba kadhaa kwa pamoja. Hasara yake ni kwamba maji hupoa usiku na mashine huyapasha tena, hata kama hakuna anayeoga. Tangi la lita 50 likiachwa limewashwa linaweza kupoteza hadi uniti moja kwa siku kwa njia hiyo. Kwa mwezi hizo ni uniti 30, sawa na matumizi yote ya nyumba ndogo.

Mwenye tangi awashe kwa muda maalumu, kwa mfano saa moja kabla ya kuoga, au aweke saa ya kuliwasha na kulizima. Kwenye nyumba za wageni, maji yakae kwenye digrii 60, kwa sababu maji ya uvuguvugu yaliyolala muda mrefu yanaweza kuzalisha bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Ndani ya tangi kuna fimbo ya madini inayoliwa na chumvi badala ya tangi lenyewe. Panapotumika maji ya kisima, fimbo hiyo ikaguliwe kila mwaka. Ikiisha bila kubadilishwa, chumvi inageukia tangi.

Hita ya jua

Jua la pwani ya Kilifi hutoa takriban uniti 5 za nguvu, mara nyingine zaidi, kwa kila mita ya mraba kwa siku. Paneli ya mita 2 za mraba, ikinasa nusu tu ya nguvu hiyo, inaweza kupasha tangi la lita 150 kutoka digrii 27 hadi karibu digrii 60 siku ya jua zuri.

Maji ya digrii 60 hayaogwi hivyo hivyo, huchanganywa na ya baridi. Lita 150 za joto hilo zikichanganywa huwa lita 380 za kuoga, yaani watu tisa kwa lita 40 kila mmoja. Siku ya mawingu, maji yakifika digrii 50 tu, bado yanatosha watu sita. Kwa hiyo familia ya watu watano Bofa haina haja ya kuuziwa tangi la lita 300.

Mambo manne huamua kama hita ya jua itadumu hapa.

La kwanza ni aina ya mfumo. Kuna mifumo ambayo maji ya kuoga yenyewe hupita ndani ya paneli, na mingine ambayo paneli ina kimiminika chake kinachozunguka na kupasha tangi bila kuchanganyika na maji. Panapotumika maji ya kisima, chagua aina ya pili. Chumvi na chokaa huziba mirija ya aina ya kwanza.

La pili ni uzito. Tangi la lita 150 lililojaa, pamoja na paneli na vyuma vyake, hupita kilo 200. Paa la makuti halibebi mzigo huo. Hita iwekwe juu ya zege, au juu ya mnara imara wa mawe kando ya nyumba. Vyuma vya kushikilia viwe vya aina isiyoshika kutu, kwani upepo wa bahari hubeba chumvi mpaka juu ya paa.

La tatu ni mahali. Kilifi iko kusini kidogo ya ikweta, chini ya digrii 4. Paneli ielekezwe kaskazini na iinamishwe digrii 10 hadi 15. Msimu wa kusi, ambao maji ya moto yanahitajika zaidi, jua huwa upande wa kaskazini, na mwinamo husaidia maji ya moto kupanda yenyewe hadi kwenye tangi. Angalia pia minazi. Kivuli chake hupunguza joto, na nazi moja ikianguka huvunja kioo. Kama mnazi hauwezi kuepukwa, hama wewe na paneli.

La nne ni siku za mvua. Wakati wa masika mawingu yanaweza kukaa siku kadhaa mfululizo. Hita nyingi za jua huja na koili ya umeme ya akiba. Swichi yake ikae imezimwa na iwashwe siku inapohitajika tu. Ikiachwa imewaka mwaka mzima, mwenye nyumba amenunua tangi la umeme kwa bei ya hita ya jua.

Gesi, makaa na kuni

Hita ya gesi inayopasha maji papo hapo haitegemei stima nyingi na hutoa maji ya kutosha. Hatari yake iko kwenye hewa. Gesi, makaa na kuni zikiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu bila yeye kujua. Hita ya gesi isifungwe ndani ya bafu. Ikae nje ya ukuta, penye hewa, na mtungi wake ukae nje pia.

Onyo hilo hilo linahusu jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku ili maji ya mama na mtoto yawe tayari. Maji yapashwe nje au kwenye jiko lililo wazi, ndipo yaletwe ndani. Anayeumwa kichwa ghafla, kuona kizunguzungu au kutapika karibu na moto uliofungiwa ndani, atolewe nje kwenye hewa na apelekwe hospitali mara moja.

Nyumba inayohitaji ndoo moja au mbili kwa siku si lazima inunue hita yoyote. Jeri nyeusi iliyowekwa juani tangu asubuhi hutoa maji ya vuguvugu jioni. Jiko linalookoa makaa, pamoja na sufuria yenye kifuniko, hupunguza gharama na kuokoa miti.

Kwa anayejenga sasa

Wakati mzuri wa kufikiria maji ya moto ni kabla ramani haijapelekwa kaunti kuidhinishwa. Bafu na jiko zikiwa karibu na tangi, maji ya moto hufika haraka. Zikiwa mita 20 mbali, kila anayefungua bomba humwaga lita 3 hivi za maji baridi kabla ya moto kufika, na joto linalobaki kwenye bomba hupotea bure. Fundi aweke mabomba ya PPR ya maji ya moto, ayafunike yasipoteze joto, na aache njia ya waya mnene hadi bafuni. Kuvunja ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni ghali zaidi.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Watu wangapi, na miezi mingapi kwa mwaka? Maji ni ya mfereji, ya kisima, au yote mawili? Paa linaweza kubeba kilo 200? Waya, breka, RCD na waya wa ardhini viko tayari? Kifaa kina alama ya KEBS? Dhamana yake inakubali maji ya chumvi, na vipuri vinapatikana Kilifi, Malindi au Mombasa?

Kisha gawanya bei ya hita ya jua, pamoja na ufundi, kwa pesa ambazo ungelipia stima kwa mwaka. Jibu ni idadi ya miaka itakayopita kabla haijajilipa. Kwa nyumba ya wageni au familia kubwa inayotumia maji ya moto mwaka mzima, jua litashinda. Kwa familia ndogo inayotaka maji ya moto miezi ya kusi tu, instanti moja ya maji ya chumvi, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, inaweza kutosha. Ila kwenye RCD na waya wa ardhini, hakuna nyumba inayopaswa kupunguza gharama.